Chumba Ambacho Tobin Hakukiomba

Nyumbani kwa akina Kadlec, Jumapili ilikuwa siku ya kula. LuAnn Kadlec alipika nyama ya nguruwe ya kuoka, viazi vya kuponda, maharagwe mabichi na sinia zima la keki ya matofaa. Alipika kama anayelisha watu wa harusi. Kumbe walaji walikuwa wanne tu: yeye mwenyewe, mumewe Merlin, mtoto wao Tobin, na Keoni Makoa.

Keoni hakuwa mtoto wao. Alitoka Hawaii, mbali sana na Iowa, na nauli ya ndege haikumruhusu kwenda kwao kila akitaka. Yeye na Tobin walikuwa wanamieleka wa Chuo cha Elk Bend, mwendo wa dakika arobaini kwa gari kutoka shambani. Wote walikuwa mwaka wa tatu. Uzito wao ulikaribiana, kwa hiyo walifanya mazoezi pamoja kila siku. Huyu alimwinua mwenzake akambwaga mkekani, kisha mwenzake akamlipa. Walibwagana hivyo kwa miaka miwili, na kila safari ya timu walilala chumba kimoja.

"Shangazi, unataka kuniua," Keoni alisema huku akijipakulia mara ya tatu. Alimwita shangazi kwa sababu kwao Hawaii kila mama wa makamo ni shangazi. "Kesho kocha atanipandisha kwenye mizani."

"Basi rudisha sahani," Tobin alisema.

"Nirudishe? Kwani sahani imenikosea nini?"

Merlin alicheka kidogo. Alikuwa mfugaji wa nguruwe, na maneno yake yalikuwa machache. LuAnn alikuwa na maneno ya watu wawili, kwa hiyo nyumba haikupungukiwa.

Lakini katika nyumba hiyo kulikuwa na jambo ambalo Keoni hakulijua. Siku moja mwezi Agosti, kabla masomo hayajaanza, Tobin na wazazi wake walikaa nje wakimenya mahindi mabichi. Tobin aliweka hindi lake chini.

"Baba, Mama, kuna jambo," alisema. "Wasichana hawanivutii. Ninavutiwa na wanaume wenzangu. Nimelijua hili tangu nikiwa sekondari. Nimechoka kulibeba peke yangu."

LuAnn alimkumbatia mwanawe mpaka nywele za mahindi zikamganda kijana shavuni. Merlin alimenya mahindi mawili zaidi. Kisha akasema, "Wewe ni mwanangu. Kesho tunahamisha nguruwe saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Kwa Merlin, hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Tobin alielewa, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Naomba kitu kimoja tu," alisema. "Timuni hakuna anayejua. Nitawaambia mwenyewe, siku nitakapokuwa tayari. Msimwambie mtu."

Wazazi wote wawili walikubali. Merlin alinyamaza, kwa sababu kunyamaza alikuzoea. LuAnn alinyamaza kwa wiki nane.

Si kwamba LuAnn alikuwa mmbeya. Alikuwa mama mwenye hofu, na hofu ya mama haina breki. Siku moja mwezi Oktoba alipeleka sweta la Tobin chuoni. Akapita kwenye ukumbi wa mazoezi. Akasikia kijana mmoja akimkemea mwenzake aliyechoka: "Acha ushoga wewe, sukuma!" Vijana wakacheka. Kocha naye akatabasamu, akapuliza filimbi. Tobin alikuwa pale mkekani. Hakucheka. Alikuwa akifunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

LuAnn alilia barabara nzima akirudi nyumbani. Alipofika alichukua simu, akampigia kocha.

Kocha Rudy Steffes alikuwa amefundisha mieleka kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu mwema, mwenye masikio yaliyokunjamana kwa kusuguliwa mkekani tangu utotoni. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Nakuambia ili umlinde, kocha," LuAnn alisema. "Tafadhali asijue kwamba nimekuambia."

"Umefanya vizuri, mama. Niachie mimi," kocha alijibu. "Huyo ni kijana wangu. Hakuna atakayemgusa."

LuAnn alilala vizuri siku hiyo. Alijiona amefanya kazi ya mama.

Kocha Steffes naye alifanya kazi yake, kwa haraka na kwa moyo safi. Hakumwuliza mtu. Kwanza, alimpa Tobin chumba cha peke yake katika kila safari. Pili, alilihamisha kabati la nguo la Tobin, akaliweka mlangoni pa ofisi yake. Tatu, alimtenganisha na Keoni mazoezini, akampa mwenzi mwingine. Alijiambia kwamba kwa njia hiyo watu hawatapata la kusema. Maskini kocha! Watu walikuwa hawana la kusema. Yeye ndiye aliyewapa.

Tobin aliwaambia wazazi wake habari ya chumba kwa simu.

"Peke yako?" LuAnn aliuliza kwa furaha. "Kitanda kikubwa? Hiyo ni heshima, mwanangu!"

"Sijui ni nini, Mama," Tobin alisema. "Sikukiomba."

Jumapili iliyofuata Keoni hakuja kula. "Ana kazi nyingi za chuo," Tobin alisema. Jumapili ya pili hakuja tena. Jumapili ya tatu hata Tobin hakuja. LuAnn na Merlin walikula viazi kuanzia Jumapili hadi Alhamisi.

Mwezi Desemba kulikuwa na shindano pale pale Elk Bend, Jumamosi mchana. Kama kawaida, wazazi walipanga meza ndefu kwenye korido, ili vijana wapate kula wakimaliza kupigana. LuAnn ndiye aliyekuwa mkuu wa meza. Alileta sufuria kubwa la nyama ya kusaga na mikate laini ya kuipakia.

Tobin alipigana na kijana ambaye alikuwa amemshinda mara mbili mwaka uliopita. Safari hii alibwagwa dakika ya kwanza. Hakukasirika. Alinyanyuka, akampa mpinzani mkono, akatoka mkekani akitazama chini. Kilichomwumiza LuAnn zaidi ni benchi la timu. Hakuna aliyempiga Tobin begani. Walimpisha njia, kama watu wanavyompisha mgeni.

Baadaye Keoni alifika mezani. Alichukua mkate, akataka kupita.

"Keoni, mbona huji tena kula?" LuAnn alimwuliza.

Kijana alitazama mkate wake. "Sitaki kusumbua watu, Shangazi."

"Unamsumbua nani?"

"Muulize Tobin. Ndiye aliyeomba kukaa mbali na mimi."

"Aliomba?"

"Sasa nani mwingine, Shangazi? Kocha hampi hata nahodha chumba cha peke yake. Wengine wanasema Tobin ana ugonjwa wa ngozi. Wengine wanasema anatupeleleza, ndiyo maana kabati lake liko mlangoni kwa kocha. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na rafiki."

Keoni aliondoka. LuAnn alibaki na mwiko hewani.

Tobin alitoka bafuni nywele zikiwa mbichi. Hakuchukua chakula. "Mama, nikushirikishe jambo kabla hujalisikia kwa mtu," alisema. "Baada ya Krismasi ninarudisha jezi. Ninaacha mieleka."

"Unaacha? Umecheza tangu una miaka sita!"

"Sina timu tena, Mama. Nina kocha anayenishika kama yai, na vijana thelathini wanaonikwepa. Na wala sijui nimewakosea nini."

LuAnn alijua. Alijua palepale. Alifungua mdomo aseme, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake maneno yalimkataa. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Mdomo wa LuAnn ulikuwa umeponza kichwa cha mtoto wake.

Alichukua sufuria tupu akaenda kuliosha kwenye chumba cha tiba, maana huko ndiko kulikuwa na sinki kubwa. Ndani alimkuta Imelda Quiroz, mtabibu wa timu. Imelda ndiye aliyewafunga vijana bendeji, akawakanda misuli, na kuwaambia ukweli walipojidai wamepona. Alikuwa akipanga barafu kwenye mifuko.

LuAnn alisugua sufuria lililokwisha takata.

"Litatoboka hilo," Imelda alisema.

"Bi Imelda, nina swali. Kuna mwanafunzi mmoja hapa..."

"Ngoja kwanza. Unataka kunieleza habari zake au zako?"

"Zake. Yeye ni..."

Imelda aliinua mkono. "Simama hapo hapo! Amekuruhusu kuniambia?"

LuAnn alifumba mdomo. Maji yaliendelea kutiririka. "Hapana," alisema.

"Basi usiniambie. Jina lake silitaka, wala sitakisia. Tumwite Fulani. Niambie ulichofanya wewe. Hicho ni chako, una haki ya kukisema."

LuAnn alifunga bomba. Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa kama mgonjwa.

"Fulani alinipa siri," alisema. "Ilikuwa siri ya maisha yake, ya mtu anayeweza kumpenda. Aliniomba nisimwambie mtu. Nami nikamwambia kocha. Nilitaka alindwe."

"Kocha akafanya nini?"

"Akamtenga. Chumba chake, kabati lake, mazoezi yake. Sasa wenzake wanadhani ana ugonjwa au ni mpelelezi. Na Fulani anataka kuacha timu."

Imelda alivuta kiti. "Kocha alimwuliza Fulani anataka nini?"

"Hapana."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi ni..." LuAnn alitaka kusema kwamba yeye ni mama yake. Akaona jibu hilo halitoshi. "Hapana. Hata mimi sikumwuliza."

"Sasa nisikilize," Imelda alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole lakini haikuzunguka. "Mtu akija hapa ameumia, simfungi bendeji mwili mzima. Namwuliza, unaumia wapi? Ninyi mlimfunga Fulani mwili mzima, mpaka pua. Ndiyo maana hapumui."

LuAnn alicheka kidogo, huku machozi yakimtoka.

"Nina miaka kumi na moja chuoni hapa," Imelda aliendelea. "Nimewaona vijana na mabinti wengi kama Fulani, katika kila mchezo. Unajua wengi wao wanataka nini? Hawataki makubwa. Wanataka kuwa kama wenzao. Walale wanapolala wenzao, wafanye mazoezi na wenzao, wataniwe kama wenzao wanavyotaniwa. Mwanamieleka anayejificha hupigana na watu wawili: aliye mbele yake, na yule anayemficha ndani. Atashindaje?"

"Lakini nilisikia matusi, Bi Imelda. Pale mkekani. Ndiyo yaliyonitia hofu."

"Hofu yako ilikuwa ya haki. Dawa ndiyo iliyokosewa. Matusi yale yanapaswa kukomeshwa kwa wote, iwe Fulani yupo au hayupo. Kocha hawezi kujua ni nani anayeumia akisikia. Ungemwambia kocha tu, 'Nimesikia lugha mbaya mazoezini.' Ingetosha. Jina la mtoto halikuhitajika."

LuAnn aliinamisha kichwa. Lilikuwa jambo rahisi hivyo, naye hakuliona.

"Nifanye nini sasa?"

"Unajua la kufanya."

"Nimwombe radhi."

"Leo. Kabla hajasikia kwa mwingine. Usijitetee. Ukimaliza, mwulize anataka nini. Kisha unyamaze."

"Kunyamaza ndiko kugumu," LuAnn alisema.

"Naona," Imelda alijibu, akampa karatasi ya kufuta machozi.

LuAnn alimkuta Tobin nje, akifuta theluji kwenye kioo cha gari la baba yake. Waliingia ndani. LuAnn hakuwasha injini.

"Tobin, ni mimi," alisema. "Mwezi wa kumi nilimpigia kocha. Nilimwambia. Ulinikataza, na nilimwambia. Chumba, kabati, mambo yote haya yalianzia kwangu. Nimekukosea sana, mwanangu. Nisamehe."

Tobin alifungua mlango akatoka. Aliuzunguka uwanja wa magari bila koti, mara moja, mara mbili, mara tatu. LuAnn alitaka kumkimbilia na koti. Alijizuia. Yalikuwa mateso makubwa, lakini alijizuia.

Tobin alirudi akitetemeka. Aliketi.

"Nilikuomba kitu kimoja, Mama. Kimoja tu!"

"Ndiyo."

"Nilidhani nimeharibika. Nilidhani kuna kitu usoni mwangu ambacho watu wanakiona. Nilijitazama kwenye kioo kila asubuhi nikikitafuta. Kumbe ni simu yako!"

"Ndiyo. Ilikuwa simu yangu."

LuAnn hakuongeza neno. Hakusema alikuwa na hofu. Hakusema alimpenda, ingawa neno hilo lilimjaa mdomoni. Tobin alimtazama kwa mshangao, kwa sababu hakuwahi kumwona mama yake akinyamaza dakika nzima. Polepole mabega yake yakashuka.

"Angalau sasa najua," alisema. Akavuta pumzi ndefu. "Angalau sina kitu usoni."

"Unataka nini, Tobin?"

Kijana aliwaza. Ni kama swali lenyewe lilikuwa chakula, na yeye alikuwa na njaa.

"Nataka kulala chumba kimoja na Keoni kama zamani. Nataka anibwage mazoezini. Huyu mwenzi mpya ananigusa kama anachuma maua. Nataka kabati langu lirudi kwenye mstari. Nataka yale matusi yakome, lakini kocha asinitaje. Na nataka kumwambia Keoni mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akikataa urafiki, nijue amenikataa mimi, si uvumi." Alifuta kioo kwa mkono. "Na Jumatatu nitakwenda kwa kocha. Nawe utakuja. Utaanza wewe."

"Nitakuja," LuAnn alisema.

Jumatatu walikuwa wanne katika ofisi ndogo ya kocha: kocha, Tobin, LuAnn, na Imelda, ambaye Tobin mwenyewe alimwomba awepo. LuAnn alianza, kama alivyoahidi. Kisha Tobin akasema yale matano aliyoyasema garini. Sauti ilimtetemeka kwenye la kwanza. Kufikia la tano haikutetemeka tena.

Kocha Steffes alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Kijana wangu," alisema, "nilidhani nakukinga."

"Najua, kocha. Lakini ungeniuliza."

"Niliogopa kukuuliza. Nilidhani nitakuaibisha."

"Nilikwisha aibika, kocha. Nusu ya timu inadhani nina upele."

Imelda aligeuka akatazama dirishani ili asicheke.

"Nimekosa," kocha alisema mwishowe. "Miaka ishirini na miwili nawafundisha vijana wasishambulie kabla ya kumsoma mtu. Mimi sikukusoma hata kidogo. Nisamehe, Tobin. Bi Imelda, nini kingine nisichokijua?"

"Chuo kina kanuni kuhusu mambo haya," Imelda alisema. "Lugha ya kudhalilisha, siri za wanafunzi, ubaguzi, yote yameandikwa. Nilikuletea mwaka juzi."

"Iko wapi?"

Imelda aliinua kikombe cha kahawa kilichokuwa juu ya meza. Chini yake kulikuwa na karatasi yenye duara la kahawa. Kocha aliisoma yote, neno kwa neno, wao wakimsubiri.

Jumapili iliyofuata, LuAnn alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa bila kubishwa hodi. Ni mtu mmoja tu aliyeingia hivyo.

"Shangazi, kuna nini jikoni?" Keoni aliita.

LuAnn alishika meza. Nyuma ya Keoni aliingia Tobin, uso umekunjuka. Mama aliona uso ule akajua: ameshamwambia, na wamebaki marafiki. Alitaka kuuliza. Aliuma ulimi. Hakuhitaji kungoja sana, kwa sababu Keoni hakuweza kunyamaza mbele ya chakula.

"Shangazi, mwanao si mtu mzuri," alisema akipakua viazi. "Ameniambia habari zake Jumatano. Nimemsikiliza vizuri, nimemwambia sawa, wewe ni ndugu yangu, hilo halibadiliki. Lakini miezi miwili, Shangazi! Miezi miwili nilidhani ananikimbia kwa sababu miguu yangu inanuka. Nimenunua sabuni za aina tatu!"

"Miguu yako inanuka kweli," Tobin alisema.

"Ona sasa! Namkubali alivyo, yeye ananitukana."

Merlin alicheka mpaka akaweka uma chini. LuAnn alicheka, akalia, akaenda kufunika sufuria ambalo tayari lilikuwa limefunikwa.

Keoni ndiye aliyesimulia mambo ya kocha pia. Jumanne kocha aliwaketisha vijana wote mkekani, akasoma ile kanuni mwanzo hadi mwisho. Hakumtaja mtu. Alisema, "Neno lile mnalolitumia kumkemea mvivu, nimelivumilia miaka mingi, hata nimelichekea. Kosa ni langu. Kuanzia leo halitumiki hapa. Sijui ni nani kati yenu linamwumiza, na sitauliza. Mvivu aitwe mvivu." Kisha akasema safari zitapangwa wawili wawili kama zamani, na kila aliyetaka mabadiliko aje kwake au kwa Imelda, bila kulazimika kutoa sababu.

"Alisomaje?" LuAnn aliuliza.

"Kama mtu anayesoma barua ya mahakama," Keoni alisema. "Lakini aliisoma yote."

Tobin aliwaambia wenzake wengine mwezi Januari, siku aliyoichagua mwenyewe, ndani ya basi la timu. Alisimama, akasema sentensi tatu, akakaa. Wengi walisema sawa. Mmoja aliuliza kama bado watasimama kula njiani. Mwingine hakufurahi, alikwenda kwa kocha akaomba kabati la Tobin liondolewe karibu na lake.

"Kabati la Tobin halisogei," kocha alimjibu. "La kwako waweza kulisogeza. Kuna nafasi karibu na choo."

Kijana yule alifikiri siku mbili, akabaki pale pale. Kufikia mwezi Machi alikuwa akimwazima Tobin sabuni.

Mambo hayakuwa peponi. Kwenye ukumbi wa chuo kingine mtazamaji mmoja alimzomea Tobin kwa maneno machafu. Kocha Steffes alikwenda moja kwa moja kwa waandaaji, na mtu yule akatolewa nje. Tobin alishinda pambano lile, na mengine sita msimu ule. Alishindwa manne. Jezi hakuirudisha.

Imelda alimwambia LuAnn kwamba tangu kanuni isomwe, wanafunzi wawili wengine walikuja kuzungumza naye. LuAnn hakuuliza ni akina nani.

Mwezi Februari, kwenye meza ya chakula, mama mmoja mgeni alimsogelea LuAnn. Mwanawe alikuwa mwaka wa kwanza.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Nimesikia mmoja wa vijana hapa yuko... tofauti. Eti ni yupi? Na inakuwaje?"

LuAnn wa zamani angevuta kiti. LuAnn huyu alipaka nyama kwenye mkate, akauweka mkononi mwa yule mama.

"Habari za mtu ziko kwa mwenyewe," alisema kwa upole. "Mimi ni wa nyama tu. Ila nikwambie: mwanao amefika kwenye timu nzuri."

Yule mama alitazama mkate, akautazama ukumbi, kisha akaanza kula.

Wiki ile ile timu ilisafiri mbali, kwenye mashindano ya siku mbili. Asubuhi ya pili, LuAnn alikuwa akikaanga mayai simu ilipolia. Ni Tobin. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamka vibaya.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, sijalala. Huyu Keoni anakoroma. Anakoroma kama trekta la Baba asubuhi ya baridi. Nimempiga mto, anageuka tu, anaanza upya. Nina pambano saa nne!"

LuAnn alizima jiko. Alikaa. Nyuma ya sauti ya mwanawe alisikia sauti nyingine ikilalamika: "Mwongo huyo, Shangazi, mimi sikoromi!" Alisikia mto ukitua juu ya mtu.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Basi mwambie kocha akupe chumba cha peke yako."

Upande wa pili ulinyamaza. LuAnn aliogopa: je, amewahi mno kutania?

Kisha akamsikia Tobin akicheka. Alicheka kwa sauti, kicheko chote, mpaka akakohoa, mpaka Keoni akauliza kuna nini, mpaka mtu wa chumba cha jirani akagonga ukuta akiwaambia wanyamaze.